Mashine Isiyolala ya Changamwe

Jamaa zangu wa Likoni, kama si mimi, leo bandari nzima ingesimama. Wallahi.

Kompyuta yetu ya mizani hapa Changamwe imekuwa ikichapisha maajabu. Gunia la kahawa lashinda feri kwa uzito!

Bosi akasema, "Ikikosea tena leo, naleta fundi kutoka Nairobi."

Nairobi! Na mimi nipo hai?

Nikaunda kerneli mpya, ule moyo wa mfumo, nikaitia mlinzi ndani. Kazi yake ni kupaka pilipili kila kikombe kitupu cha kumbukumbu ya mashine. Programu ikinywa kabla ya kumimina namba yake humo, itakohoa, tuikamate.

Asubuhi yote mlinzi hakupiga kelele. Nikatangaza, "Mashine safi!"

Papo hapo likachapishwa gunia zito kama meli.

Bi Zuhura, karani wetu, akaniuliza kwa upole, "Mjomba, kerneli mpya si huingia mashine ikizimwa na kuwashwa? Mbona hukuizima?"

Niizime? Mashine haijalala tangu Idi! Nimeitilia hesabu ya siku ilizokesha pale juu ya skrini, nami humwonyesha kila mgeni.

Bosi akaizima mwenyewe.

Kuwaka tu, mlinzi akapiga ukelele. Mnywaji alikuwa hiyo hesabu yangu ya siku. Sikuipa namba ya kuanzia, ikawa yaokota takataka zilizobaki vikombeni na kuimwagia mizani.

Nimeirekebisha. Fundi wa Nairobi haji tena.

Sasa Bi Zuhura auliza kama kweli mashine ilikesha tangu Idi, maana hesabu yenyewe ilianzia kwenye takataka.

Nyinyi wa Likoni, chekeni tu. Hata mimi sijui.