Mayai Laini ya Kuku wa Bibi

Kama una kuku nyumbani, hata wawili tu, vuta kigoda ukae hapa karibu nami. Na kama huna, kaa vilevile, maana haya yanamhusu kila aliyewahi kusingiziwa. Nitakueleza taratibu, ingawa nimekasirika, na hasira yenyewe ni ya zamani kuliko meno niliyobaki nayo.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea binti yangu anayekaa mtaa wa Nyasubi, pale Kahama. Anafuga kuku uani, amewajengea banda zuri la wavu. Asubuhi nikiwa nakunywa uji, nikamsikia anamhoji msichana wake wa kazi. "Mayai yanakwenda wapi? Sema kweli, unayakula?"

"Sijala, Mama. Haki ya Mungu sijala."

Nikakiweka kikombe chini. Sauti hiyo ya "sijala" naifahamu. Mara ya kwanza niliisikia kwa mama yangu mzazi, wakati wa mkoloni, nami ndiyo kwanza meno ya mbele yananing'oka.

Nyumbani kwetu kulikuwa upande wa Kolandoto. Mji wetu ulizungukwa na ua wa minyaa, ile miti inayotoa maziwa ya kupofusha macho, na ndani ya ua kulikuwa na nyumba mbili, ghala la mtama, na kibanda cha udongo cha kuku chini ya ghala. Baba alikuwa Geita machimboni, akirudi wakati wa kuchuma pamba. Tulibaki Bibi mzaa baba, Mama na mimi. Ukiniuliza utoto wangu ulinukiaje, nitakwambia ulinukia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, inayochemka na karanga mbichi zilizopondwa ndani yake, na vumbi la mtama linalopaa wakati Mama anapepeta. Nilikuwa naamshwa na mlio wa mtwangio. Sijapata usingizi mtamu kama ule wa kusikia mama yako anatwanga nje.

Sasa nikueleze mila, usije ukapotea. Kwetu siku zile mwanamke hakula yai wala nyama ya kuku. Tuliwalisha kuku, tukawanyonyoa, tukawapika, tukanusa mchuzi, basi. Yai lilikuwa la wanaume na wageni, mengine Bibi aliyabadilisha kwa chumvi na mafuta ya taa. Mwenye mimba ndiye aliyechungwa kuliko wote, kwa sababu iliaminika akila yai atazaa mtoto asiye na nywele. Na mwaka huo Mama alikuwa na mimba.

Mvua za kwanza ziliponyesha, watu walipanda karanga na mtama, na kuku wote wakafungiwa wasije wakafukua mbegu za majirani. Ndivyo ilivyokuwa kila mwaka. Ila mwaka huo mvua zilikatika, watu wakapanda mara ya pili, kisha ya tatu, kuku wakakaa ndani muda mrefu sana. Walikula pumba na makombo ya ugali. Mdudu hawakumwona, changarawe hawakudonoa. Hata maganda ya mayai, ambayo kwingine hutupwa jalalani kuku wakayala, Bibi aliyazika mbali, akiogopa wachawi wasiyaokote wakamharibia kizazi cha kuku wake.

Bibi alikuwa na mkono wa ajabu. Jioni aliwakamata kuku mmoja mmoja, akawapapasa chini ya mkia, akasema, "Huyu kesho. Huyu bado. Huyu kesho." Hakukosea. Basi ikawa anasema kesho, na kesho ikifika kiota kitupu. Siku ya kwanza aliwapapasa upya. Siku nyingine akatafuta tundu la kicheche, hakuliona. Mwishowe akamgeukia anayefungua kibanda alfajiri kuwapa pumba, naye ni Mama.

"Wewe binti wa watu, mayai yangu umeyaficha wapi?"

"Sijayaona, Mayu," Mama akajibu. Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma, na hivyo ndivyo alivyomwita mkwewe kwa heshima.

"Hukuyaona, au umeyala?"

"Sijala, Mayu."

"Mimba ndiyo itakayosema. Tumbo halijui kuficha."

Ngoja nikwambie kitu. Mama yangu alikuwa mtu wa kuona haya hata kulamba kidole chenye mboga. Lakini kuanzia siku ile kila akitafuna, hata kipande cha mchembe, Bibi alimtazama mdomo. Naye akawa anakula amegeukia ukuta.

Mtoto akazaliwa, wa kiume, mzima, mwenye kilio cha kusikika hadi kisimani. Na kichwa chake kilikuwa cheupe, kimeng'aa, hakina unywele hata wa dawa. Wewe na mimi tunajua watoto wa namna hiyo wanazaliwa kila siku, hata kwa mama ambaye hajawahi kuona yai. Nani angesema hivyo mbele ya Bibi? Jirani yetu, mwanamke mmoja mcheshi aliyeolewa pale kutoka Nkome, ziwani, alikuja kumtazama mzazi. Akafunua nguo, akapiga kofi pajani. "Ala! Hili ni yai au mtoto?"

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mama naye alijaribu kucheka. Jambo hilo linaniuma kuliko yote, kwamba alijaribu kucheka.

Kitovu cha mtoto kilipokatika tu, Bibi akamtolea Mama mzigo wake nje. "Nenda kwenu ukawaulize walikufundisha nini." Kwao Mama kulikuwa mwendo wa kulala njiani. Akamfunga mtoto mgongoni. Mimi nilikuwa wa ukoo wa baba, nikabakizwa. Nilimfuata hadi kwenye mlango wa minyaa nikiwa nimeshika nguo yake, akanibandua vidole taratibu. "Rudi, mwanangu. Kawape kuku pumba, bibi yako asije akakasirika."

Basi kazi ya kufungua kibanda ikawa yangu. Na mayai yakaendelea kupotea! Kama Bibi angetaka kufikiri, angefikiri hapo. Hakutaka.

Asubuhi moja niliwahi kuamka kwa sababu ya baridi. Nikafungua kibanda kuku wakiwa bado wamelala juu ya kijiti chao, nikaingiza mkono taratibu nisimuumize kifaranga. Vidole vyangu vikagusa kitu cha vuguvugu, kinabonyea, chenye utelezi, kama kile kibofu cha mbuzi ambacho watoto tulikipuliza tukakichezea. Nikakitoa kwenye mwanga. Lilikuwa yai! Lina ngozi tu, halina gamba, na kiini unakiona kinacheza ndani. Kabla sijaita mtu, kuku wa madoadoa akaruka chini, akalidonoa mkononi mwangu, akafyonza, akala na ngozi, akafuta mdomo ardhini upande huu na upande huu. Pakabaki unyevu tu kiganjani.

Kesho yake nilimvuta Bibi mkono. Akaja, akainama, akaona mwenyewe, yai laini chini ya kijiti na yule wa madoadoa akilimaliza. Nilidhani atasema, "Kumbe." Nilidhani tutafunga safari siku ileile.

Bibi akanyanyuka. Akasema, "Kumbe ameniachia na uchawi kwenye kuku."

Unaona? Macho yalimwonyesha, moyo ukakataa. Tangu siku hiyo sikupata tena kumwona Bibi kwa jicho lile la kwanza, ingawa ndiye aliyenifundisha kusuka na kuimba.

Aliyeona maana ya jambo lile ni yuleyule jirani mcheshi. Bibi alipoanza kuzungumza habari za kutafuta mganga, jirani akamwambia, "Mayu, mganga wa nini? Kuku wana njaa ya mifupa hao. Kwetu Nkome tunawapondea magamba ya kome." Akaleta kapu la magamba ambayo wanawe walichezea, akayatwanga, akawamwagia kuku. Waliyagombania kama siafu. Hazikupita siku nyingi, kiota kikawa na mayai magumu, yanayogongana yakalia. Utani wake wa siku ile sijausahau, lakini na magamba yake pia.

Elewa vizuri. Yai ndani ya kuku huvaa ngozi kwanza, gamba huja mwishoni, na gamba hutengenezwa kwa kile kuku alichokula. Akikosa, hutoa hivyohivyo, mara nyingi usiku akiwa kwenye kijiti, likaanguka chini, na kuku wenye njaa ileile wakalimaliza kabla hujaamka. Mwizi hayupo. Ipo njaa tu, na sisi ndio tuliowafungia.

Baba aliporudi wakati wa pamba, jirani alimweleza yote, naye Baba akaenda kumchukua Mama. Siku waliyofika nilikaa mlangoni kumsubiri Bibi aseme neno. Alitoka na beseni la magamba, akalisukuma mbele ya Mama hata mzigo hajautua. "Twanga. Kuku wana njaa." Hakusema zaidi, siku ile wala siku nyingine mpaka anaingia kaburini. Mama akashika mtwangio. Ulikuwa ule mlio nilioupenda, nami nikaziba masikio.

Mdogo wangu aliota nywele nzito za kuvunja kitana. Lakini jina la Yai lilishamganda. Mwaka jana tumemzika, ana wajukuu, na mzee mmoja wa kijijini akasimama makaburini akasema kwa upole kabisa, "Yai ametutangulia."

Ua wa minyaa umekatwa, ghala halipo, kibanda kilirudi udongo. Wanawake wanakula mayai, nami nayala, mawili mawili nikitaka. Mengi ya siku zile nayatamani. Lakini swali lile la "umeyala?" ndilo lililobaki hai, na nimelikuta Nyasubi.

Kwa hiyo nilimwamsha binti yangu alfajiri, nikampeleka bandani, nikamshika mkono nikaupitisha chini ya kijiti. Alipogusa yai laini akaguna. Nikamwambia, "Sasa mwite yule mtoto umwombe radhi. Kwa sauti, nami nisikie." Akamwita, akasema. Msichana alilia. Nami nililia, kwa sababu nyingine.

Basi na wewe, kausha maganda ya mayai juani, yaponde, uwawekee kuku kwenye kopo lao. Na siku yai likikosekana, kabla hujamuuliza mtu yeyote, amka mapema, inama mwenyewe, upitishe mkono chini ya kijiti wanacholalia.