Bwana Salamu na Barua Zisizo na Adabu

Mtaani kwetu hakuna anayeniita kwa jina langu. Wenye kazi kwangu wananiita Fundi, wengine wote Bwana Salamu. Mtu akipita mbele ya kibanda changu cha viatu, hata kama anakimbia mvua, lazima nimuulize habari za nyumbani, za kazi, za watoto, na kama ana kuku, basi na za kuku. Mke wangu anasema siku nikifa nitaanza kuwajulia hali wachimba kaburi. Mimi nilijiona nimelelewa, bwana! Nilijivuna hivyo mpaka malezi yangu yalipotaka kumkosesha mtoto wa watu shule.

Kazi yangu ni kuwashonea viatu watu ambao miguu yao hailingani. Mguu mmoja ukiwa mfupi, naongeza soli upande ule hadi mtu asimame sawasawa. Vipimo anachukua daktari wa viungo kule kliniki. Zamani alivituma kwa mkono wa mgonjwa, karatasi zikawa zinalowa na kupotea. Ndipo binti wa dada yangu, anayetengeneza kompyuta kwenye duka la ng'ambo ya barabara, akanifungulia barua pepe kwenye simu.

"Mjomba, vipimo vitakuja humu. Kazi yako kusoma tu."

Kusoma tu! Hakuniambia nisijibu.

Barua ya kwanza ilitoka kwa mjane. Alinisalimia vizuri mno, akaniita mpendwa, akasema mumewe amefariki na kumwachia mali asiyojua aifanye nini. Sasa mtu aliyefiwa unamwachaje hivihivi? Nikamwandikia pole ndefu, nikamshauri azungumze na wakwe zake. Kesho yake akaja muuza dawa ya upara. Nikamshukuru, nikamwambia mimi nywele bado ninazo, labda amjaribu shemeji yangu. Nikampa na anwani ya shemeji. Baada ya hapo barua zikamiminika. Nyingine zilikuwa na maneno madogo chini: ukitaka kujiondoa, bonyeza hapa. Nikabonyeza, tena kwa heshima zote. Zikaongezeka.

Mke wangu naye akaiona simu.

"Huyu anayekuita mpendwa ni nani?"

"Ni mtu wa msiba tu, mama."

"Msiba wake au wako?"

Wakati huohuo Bibi Mkate, jirani anayeuza mikate hapo kona, alimleta mjukuu wake. Mtoto alikuwa aanze shule Jumatatu. Mguu wake wa kushoto ni mfupi, na kiatu cha zamani kilikuwa kimembana mpaka kisigino kimechubuka.

"Shule ni mbali, Fundi, na mgongo wangu haumbebi tena," Bibi akasema. "Asipoonekana Jumatatu, nafasi anapewa mwingine. Daktari atampima leo, atakutumia vipimo."

"Wewe hesabu kiatu kiko mguuni," nikamjibu, kifua mbele.

Jioni nikafungua simu. Lo! Barua zimejaa kama siafu. Nikaamua kufanya usafi mwenyewe, na kanuni nikajitungia mwenyewe: mwenye adabu abaki, asiye na adabu aende kwenye taka. Mjane akabaki. Muuza dawa akabaki. Kulikuwa na moja imeandikwa hivi: "Hii hapa. Fungua picha. Haraka." Basi! Hakuna hujambo, hakuna jina. Nikapandwa na hasira. Nani huyu ananiamrisha kama mtumwa wake? Sikuangalia hata imetoka wapi. Nikaitupa, nikalala nimeridhika.

Alhamisi Bibi Mkate akaja na mjukuu kujaribu kiatu.

"Daktari hajatuma," nikasema.

"Ametuma, Fundi. Alituma siku ileile, mimi nimekaa pale namtazama."

Mtoto alikuwa kwenye benchi, amevua kiatu, anakipulizia kisigino chake. Hakulia. Afadhali angelia.

Nikavuka barabara mbio kumwita mpwa wangu. Alipoziona barua zangu na majibu yangu, alicheka mpaka akaketi kwenye rundo la ngozi.

"Mjomba, umeingizwa mjini! Hawa hawakujui. Wanarusha barua kwa maelfu ya watu, kisha wanasikiliza nani ataitika. Wewe umeitika, wamejua humu kuna mtu. Na ukibonyeza cha kujiondoa kwenye barua ya matapeli, umeitika vilevile. Usijibu, usibonyeze, peleka kwenye taka. Simu nayo itaanza kuwatambua."

"Na mjane?"

"Hakuna mjane."

Iliniuma kidogo, sitaficha. Nilikuwa nimeshamzoea.

"Sasa wa kweli nitamjuaje?"

"Soma anwani aliyotumia, achana na maneno matamu. Ukiwa na shaka, mpigie kwa namba uliyokuwa nayo siku zote, siyo ile iliyomo kwenye barua."

Akafungua taka. Ile barua isiyo na adabu ilikuwa na anwani ya kliniki. Nikapiga simu.

"Daktari, habari za asubuhi, habari za nyum—"

"Fundi, umeanza kazi?"

"Ile ya 'fungua picha' ni yako? Maana haikuwa na salamu."

"Ni yangu, vipimo viko kwenye picha. Fundi, wagonjwa wamejaa hadi nje. Salamu ingemvalisha mtoto kiatu?"

Tangu saa ile nilikata, nikatia gundi, nikashona. Watu walipita wakinisalimia, nami niliwajibu kwa kidevu. Mtaa mzima ukadhani naumwa. Mmoja alikuja na machungwa. Shemeji peke yake hakuja. Barua za upara zimemfika, na hasemi nami hadi leo.

Jumatatu asubuhi mtoto aliingia na sare yake. Nikamfunga kamba za viatu mwenyewe. Akasimama. Mabega yakalingana. Akatembea hadi mlangoni huku anaiangalia miguu yake, akarudi, akaenda tena, halafu akatoka nje mbio.

"Wee!" Bibi Mkate akapiga kelele. "Rudi umsalimie Fundi! Hujamwambia hata asante! Kalelewa na nani huyu mtoto?"

Mtoto hakugeuka. Alikuwa ameshafika kona.

"Mwache, Bibi," nikasema. "Mwache aende, atachelewa."