Herufi Zenye Miguu

Herufi nyembamba sizipendi mpaka leo. Zinasimama kama mbuzi wa kiangazi. Zangu nilijifunza kwenye mashine kuukuu ya kusaga kwetu Tlawi: herufi nene zilizochomoza kwenye chuma, kila moja na miguu yake mipana, imejikita. Nilizinakili kwa mkaa ukutani mpaka mama akapiga kelele.

Nilipohamia Mogitu kuandika vibao, maduka ya watu binafsi yalikuwa yanachipuka kila kona, na kila mwenye duka alitaka kibao. Baba hakufurahi hata kidogo. Nilipopata kazi yangu kubwa ya kwanza, ya mama mmoja aliyekuwa anafungua duka la pembejeo, baba alinionya. "Kibao hiki kikiharibika, binti yangu, unarudi kulima vitunguu saumu. Rangi hailiwi."

Mimi huanza na miguu. Napiga mstari kwa uzi wa chaki, napaka miguu ya maneno yote, ndipo nasimamisha herufi juu yake. Nyumba si huanza na msingi? Yule mama alitaka chini kabisa, kwa herufi kubwa kuliko zote, MKOA WA MANYARA. Mkoa ulikuwa mpya, umemegwa kutoka Arusha, na yeye alitaka kibao chake kiwe cha kwanza kuutaja.

Siku moja kabla ya ufunguzi nikapaka miguu huku naimba. Nilipoinua brashi kusimamisha herufi, jamani! Mkono ulishazoea. Miguu ile ilikuwa ya ARUSHA, nyekundu, rangi ya mafuta, juu ya ubao mweupe. Nikafuta kwa mafuta ya taa, ikasambaa, ikawa balaa. Ubao mwingine sikuwa nao. Nikakaa chini nikalia.

Baba naye akafika saa hiyohiyo, amekuja kwa ufunguzi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unalilia nini?"

Nikamwonyesha. Nikasubiri aniambie nifungashe. Akatazama ubao, akatazama shamba ng'ambo ya barabara.

"Ngano ikistawi," akasema, "nani anaona miguu ya mtu?"

Nikaruka juu kwa furaha! Nikapaka ngano chini ya ubao wote, njano na kijani. Ile nyekundu mbichi ikachanganyika na njano, ngano ikaonekana imeiva kabisa. MANYARA ikasimama ndani yake, imezama mpaka magotini.

"Kumbe fundi una akili hivi!" mama mwenye duka akashangilia kesho yake. "Duka la pembejeo, na ngano yenyewe!" Baba akakohoa.

Habari ya vitunguu haikurudi tena. Krismasi nilipokwenda nyumbani, nikakuta baba amepiga randa ubao mzuri, anataka niandike jina lake, autundike mlangoni. Nikaanza kuchanganya rangi. Akanishika mkono.

"Mimi usinipandie ngano," akasema. "Nataka miguu ionekane."