Hakuna Aliyetaka Darasa la Kwanza

Mwalimu wa shule ya msingi ukimtoa darasa la saba ukampeleka la kwanza, huona umemtukana. Uzito wa jambo hilo niliujua nilipopewa ukuu wa shule moja karibu na Msata.

Wiki yangu ya kwanza nilimwomba mtoto wa darasa la tatu anisomee. Akasoma kwa sauti nzuri, kidole kikifuata mistari. Nikamfungulia ukurasa mwingine. Akaendelea na habari ileile ya mwanzo, neno kwa neno. Alikuwa ameikariri. Nikawajaribu wenzake, wengi walikuwa hivyohivyo.

Shida ilikuwa kwenye msingi, na mwalimu bora tuliyekuwa naye alikuwa darasa la saba. Ndiye aliyekaimu ukuu kabla yangu, mtu wa umri wa baba yangu mdogo. Nikampanga darasa la kwanza. Ratiba ilipobandikwa ofisini, aliisoma akanigeukia.

"Kumbe mimi ndiye wa kufundisha a, e, i, o, u," alisema mbele ya wote. "Umenikomoa, mama. Hongera."

"Sikukomoi, mwalimu. Watoto hawajui kusoma."

"Basi wafundishe wewe, uliyesomea uongozi."

Wenzake wakacheka. Nikachukua chaki nikaingia darasa la kwanza mwenyewe, maana watoto wale hawakuwa na nafasi ya kungoja sisi wakubwa tupatane.

Tangu hapo vita ikawa ya wazi. Shikamoo yangu ya asubuhi mwalimu yule hakuiitikia. Chai ya saa nne waliinywa yote, birika likanifikia limebaki majani. Nikipita barazani, mwalimu mmoja wa kike alikuwa akiimba, "Ba, be, bi! Mkuu wetu kaanza chekechea, jamani!"

Wewe uliyekabidhiwa shule leo, nakwambia kwa upendo: utachukiwa, na inauma. Lakini chuki ya ofisini haifungi mlango wa darasa. Ingia ufundishe.

Asubuhi moja nilikuwa nawaeleza watoto silabi zilezile kwa mara ya sijui ngapi, nikamwona yule mwalimu wa darasa la saba amesimama dirishani, mikono nyuma. Nikadhani amekuja kunicheka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Akaingia, akanyoosha mkono kutaka chaki. "Unaeleza mno. Ukiongea wewe tu, watoto watasoma saa ngapi? Nipishe."

Nikampisha. "Ahsante sana, mwalimu."

"Usinishukuru. Sikuja kwa ajili yako."

Darasa lile alibaki nalo. Watoto wake walipofika la tatu niliwafungulia ukurasa wowote nilioutaka, wakausoma. Yeye, mpaka anastaafu, hakunywa chai nami hata kikombe kimoja, na shikamoo yangu aliiitikia siku ile tu.