Tenga la Mama Masika

"Lishushe!" Editha alimfokea mchoraji. "Lishushe sasa hivi, rangi haijakauka!"

"Mama, nikilishusha nani atajua kuwa huyu ni Masika?" Anselmi alijibu, brashi mkononi.

Walikuwa wanagombania tenga la kabichi, na tenga lenyewe la rangi tu, kwenye ukuta wa ukumbi wa kigango chetu hapa Mgeta. Katekista alimwita Anselmi kutoka mjini atuchoree majira ya mwaka, kila moja kwa sura ya mtu. Kiangazi akampa mzee mkavu mwenye kiko. Masika akampa sura ya Editha. Na alimremba! Nywele mawingu, hereni karoti changa, njegere zimejisokota pembeni pote kama pindo la kanga. Miguuni maua ya plamu, ingawa plamu hazichanui masika. Kichwani, tenga.

Editha namjua tangu siku anazaliwa. Alitoka na ngata ya kutwishia mzigo kichwani, mkunga akaikunjua akamfutia. Mwaka mmoja alibeba kabichi iliyolishinda lori, kisha akalibeba na lori. Hamniamini? Mtazameni utosi: bapa kabisa, ukiweka kikombe cha chai hakimwagiki. Miaka thelathini anateremsha mboga za watu toka juu mlimani hadi kwenye lori, kwa njia ile ya utelezi. Siku hizi shingo haigeuki. Ukimwita anageuka mwili mzima.

"Mwanangu," akasema, sauti imeisha nguvu, "mimi nitakufa, huyu atabaki hapo. Abebe hata nikishazikwa? Kila Jumapili nije nimkute bado yuko njiani?"

Anselmi akanitazama. "Bibi, unasemaje?"

"Mkalishe. Tenga mtwishe huyo mzee wa Kiangazi, kazi yake kuvuta tu."

Editha akacheka kidogo, shingo imekakamaa. Akakaa kwenye benchi amwonyeshe mkao: miguu kanyoosha, mikono mapajani, macho kafumba. Sijawahi kumwona hivyo mchana. Anselmi akachovya brashi kwenye rangi ya mawingu, akaiinua mpaka usawa wa tenga.

"Hivyo hivyo, mama. Usiinuke."

Mlango ukasukumwa. Akaingia utingo wa lori, matope mpaka magotini.

"Shikamooni. Mama Editha, lori linaondoka. Mzigo bado uko juu?"

Editha akafumbua macho, akaanza kupapasa benchi akitafuta ngata yake.