Nyuzi za Yai la Mama

Mwalimu wetu wa baiolojia pale Usevya alikuwa na ulimi mchafu, nami nilimpenda kwa hilo. Siku ya somo la mgawanyiko wa seli alituvua malapa, akayapanga jozi jozi katikati ya darasa, akayafunga nyuzi za kushonea magunia na kutugawia ncha huku na huku. Malapa ndiyo kromosomu, alisema, na nyuzi ndizo mikrotubuli, vijiuzi vya kuzivuta ndani ya seli.

"Vuteni!"

Kila upande ukapata lapa moja la kila jozi. Kisha akafunga jozi moja vibaya makusudi, malapa yote mawili yakaenda upande mmoja.

"Yai likikosea hivi, anazaliwa mtoto kama yule wa kwao huyu," akaninyooshea kidole.

Darasa likacheka. Nilicheka kuliko wote.

Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka tisa na alikuwa hajaweza kujifunga vifungo. Bibi, mama yake baba, alishikilia kwamba jirani yetu ndiye aliyemroga, na miaka yote hiyo jirani hakupewa salamu hata kanisani. Bibi aliapa pia kwamba akigundua kasoro imetoka kwa mama, mama atarudi kwao Karema siku hiyohiyo.

Jumamosi sote, baba naye, tulikuwa uani tukishona magunia ya mpunga. Bibi akaanza tena kumtukana jirani, na kimbelembele changu kikanishinda. Nikachukua uzi mkononi mwa mama, nikaeleza somo lote.

"Bibi, hakuna uchawi. Ni nyuzi ndani ya yai, hazikuvuta."

"Yai la nani?"

"La mama."

Mama alinitazama kwa hofu, nikamchukia kwa kuniharibia ushindi wangu.

"Msomi kasema," bibi akasema. "Nyie wote mmesikia."

Mwalimu alikuwa ametuambia kwamba hata mbegu ya baba hukosea, ingawa mara chache. Nilikumbuka vizuri. Sikusema, maana baba ndiye aliyenisomesha. Yeye aliendelea kushona gunia lake.

Kabla ya saa kumi mama alikuwa na mfuko begani na mdogo wangu mkononi. Akanisogelea.

"Mwanangu, hizo nyuzi, ningefanya nini ili zivute?"

Jibu lilikuwa hakuna, na nililijua. Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikamwambia mama akaulize hospitali.