Swali au Tatizo

Wazazi wangu walinilea Tanzania. Kinyarwanda nilikipata jikoni kwa mama, Kiswahili nikakipata shuleni na mtaani, na sasa hapa Kigali wageni wananilipa nikae katikati yao na majirani zangu, nikitafsiri. Watu hudhani ni kazi ya kukaa tu.

Mkaguzi aliyenichukua mwaka jana alitoka Nairobi. Kampuni za ng'ambo zinazonunua mashati humtuma viwandani aangalie kama wanaoyashona wanatendewa kama binadamu. Mtu mwema, mwenye haraka. Nilimtania kwa ule msemo kwamba Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanzania, kikafia Kenya. Akanijibu kwamba basi Kigali ndiko wanakokula matanga. Nilimpenda kwa jibu hilo.

Katika kiwanda kimoja tulipewa chumba cha maboksi, mbali na wakubwa, na wafanyakazi wakaingia mmoja mmoja. Chakula kipo? Kipo. Mapumziko? Wanapewa. Msimamizi anatukana? Hapana, ni mzazi. Walikuwa wamefundwa kama maharusi. Mkaguzi aliandika kwenye kompyuta yake, mimi nikitafsiri huku nikipiga miayo moyoni.

Akaja mama mmoja wa sehemu ya kupiga pasi, mwenye kitenge alichojifunga kifuani juu ya sare. Naye akajibu kama wenzake, akiyaangalia maboksi. Mkaguzi akafunga kompyuta.

"Dada, muulize kama ako na swali."

Lilikuwa neno la adabu tu, la kumsindikiza mtu mlangoni. Nikauliza kama kila mtu anavyouliza hapa: "Ufite ikibazo?" Sasa, kwa Kinyarwanda ikibazo ni swali, na ikibazo hichohicho ni tatizo. Mgeni alitaka kujua kama ana swali. Mama yule alisikia kwamba hatimaye kuna mtu anayemwuliza kama ana tatizo.

"Ndagifite," alisema. Ninalo.

Akafungua kitenge kidogo, nikaona. Mimba ya miezi minne, imebanwa kwa kitambaa kingine ndani. Alisema mkataba wake unaisha mwezi ujao, na kabla ya mkataba mpya kila mwanamke hupewa kikopo aende nacho chooni. Mkojo ukionyesha mimba, mkataba mpya hakuna. Mume hana kazi, na nyumbani ana watoto wengine.

"Mama, mniombee," aliniambia. "Wasinipime mpaka niwe nimesaini. Ni hilo tu."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hapa anayetaka kuzaa ndiye anayeficha.

Nikatafsiri yote. Mkaguzi akaifungua kompyuta upesi, uso umemchangamka, na nikamchukia kidogo kwa uchangamfu ule, ingawa ndiyo kazi iliyomleta.

Mama alipotoka nikamwambia, "Ukiandika hili, watajua ni nani. Kwenye pasi umemhoji mwanamke mmoja."

"Jina siweki. Nitasema wafanyakazi kadhaa wa kike."

"Kadhaa ni wangapi?"

"Dada, nikinyamaza, wataendelea kuwapima wote. Unataka hivyo?"

Sikutaka hivyo. Wala sikutaka lile lingine.

Jioni mkaguzi alisoma aliyoyaandika mbele ya meneja wa wafanyakazi, mwanamume mpole mwenye tai. Nilimwangalia usoni nikisubiri akasirike, maana hasira ningeielewa. Akatabasamu.

"Hapana shida, boss. Hiyo vipimo tutaacha. Iko rahisi sana." Kisha akanigeukia mimi, kwa Kinyarwanda, taratibu, akaniuliza ni nani aliyelalamika. Nilimwambia mimi ni mkalimani, sina kumbukumbu. Akacheka.

Juma zima nilitamani kwenda kusimama langoni zamu inapotoka, nimwone mama yule tu. Sikwenda. Mtu angeniona naye, ingekuwa kama kumnyooshea kidole.

Mwaka huu tumerudi. Meneja alitupokea kwa chai, akaapa kwamba tangu siku ile hakuna mwanamke aliyepewa kikopo, na sina sababu ya kutomwamini. Mkaguzi alinikonyeza, kwamba umeona? Kisha tukapitishwa kiwandani. Kwenye cherehani wanawake walikuwa wengi kama zamani, ila wote wasichana wabichi; kina mama sikuwaona. Tukafika kwenye pasi. Mvuke ulikuwa mwingi, nikasogea karibu nione vizuri. Meza zote, mwanzo hadi mwisho, wanaume.

Tuliporudi ofisini kwenye chai, nikamwuliza meneja yuko wapi yule mama wa pasi, mwenye kitenge.

"Mkataba yake iliisha," alisema, "kama ya wengine." Akaniongezea chai.

Nilimgeukia mkaguzi. Alikuwa ameshaandika kwamba vipimo vimekomeshwa, na ni kweli, vimekomeshwa. Nikaisukuma chai pembeni.

Mchana, kwenye chumba cha maboksi, aliletwa kijana mmoja wa pasi. Chakula kipo, mapumziko yapo, msimamizi ni mzazi. Mkaguzi akafunga kompyuta.

"Muulize kama ako na swali."

Safari hii neno ikibazo sikulitamka; nikatafuta maneno yasiyoweza kueleweka vingine. "Hari icyo ushaka kubaza?" nilisema. Kuna jambo ungependa kuuliza? Kijana akanitazama, akasubiri kidogo kama mtu anayetarajia niendelee. Sikuendelea. Akasema hapana, akashukuru, akarudi kazini.